Samaki Waliohitaji Mashimo

Asubuhi ya mwisho, mke wangu Orpa alinigombeza kwa sababu ya ndoo. Niliiweka juani, na ndani mlikuwa na samaki wazima, ngege.

"Baba Byamungu, unapika ao unafuga?"

Akaisukuma kivulini kwa mguu, akanipa uji, akaenda ziwani kulitukana. Kesho yake hakuamka. Ndoo bado iko kivulini. Sijaisogeza.

Wajukuu wanauliza bibi yao alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mtu wa kutukana ziwa.

Tulitoka Baraka, kando ya ziwa Tanganyika. Kule maji ni ya baridi na kina chake hakina mwisho. Sahani ikikuponyoka unaiona ikishuka mpaka uchoke kuitazama. Samaki wanakaa katikati ya mawe. Orpa aliposema "kwetu", alimaanisha huko tu. Tulipofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, akaenda kuliona ziwa la hapa. Maji ya kahawia, kina kifupi, mafunjo pembeni, kiboko katikati. Akaonja kwa kidole.

"Hili si ziwa. Ni supu imesahauliwa kwa moto."

Hata hivyo akauza samaki wake miaka yote. Kila asubuhi alilitukana kwanza, ndipo anunue kwa wavuvi. Ilikuwa kama sala.

Siku moja alimpelekea ngege Habibah, mama mmoja wa mtaa wa Nyamitanga kule mjini Mbarara, anayepikia harusi za Waislamu wenzake. Habibah akanusa, akarudisha.

"Mama, samaki ya Nakivale inanuka matope. Binti yangu Nabilah anaolewa. Wageni watasema nimewapikia kinamasi."

Orpa alirudi amevimba. Nikamwambia, lakini wewe mwenyewe unasema hivyo kila siku.

"Miye ninakaa nalo. Yeye anakaa nalo?"

Akaapa kwamba kwenye harusi ya Nabilah wataliwa ngege wa Nakivale, bila harufu. Akishindwa, anaacha samaki, anauza nyanya. Alichukia nyanya kuliko kiboko.

Alisema samaki ana ladha ya maji anamokaa, basi abadilishiwe maji. Akaazima pipa, akalijaza maji ya bomba, akapanga mawe chini kama ya kwao. Wavuvi wakaleta ngege wazima, akawamwaga humo.

"Sasa muko Baraka. Mujifunze adabu."

Jua lilipopanda, ngege wote walikuwa juu, midomo wazi, kama kwaya inayomngoja mwalimu.

"Wanaimba," nikasema.

"Banakufa, mzee!"

Kule Baraka upepo unalitikisa ziwa mchana na usiku. Hata hapa Nakivale, vijiwimbi vinapiga mafunjo. Pipa letu lilisimama tuli na jua likalipasha moto. Maji safi, lakini hayana pumzi. Tukalivuta kivulini. Orpa akachukua jagi, akawa anachota na kumwaga kutoka juu, anachota na kumwaga, mpaka povu likatoka. Midomo ikajifunga. Akipumzika, inafunguka.

Basi tukapeana zamu. Siku kadhaa nilisimama na jagi. Ndayambaje, jirani yetu Mrundi, akapita na baiskeli.

"Mzee, unabatiza?"

"Ndiyo."

"Wameungama?"

"Bado. Wanafungua midomo tu."

Siku ya kwenda Mbarara, tulipakia pipa kwenye pikapu anayoendesha Mihigo, dereva wa pale kambini, tukalifunika kwa mafunjo mabichi lisipate joto. Mihigo akashika usukani, sisi tukakaa nyuma na samaki. Njia ya kambi ni mbovu. Tulirushwa, maji yakaruka, tukalowa mpaka nguo za ndani. Orpa akachungulia, akacheka.

"Bazima!"

Barabara ilikuwa inafanya kazi ya jagi. Jagi lenyewe tulilisahau nyumbani.

Kufika Isingiro, lami. Gari likateleza kama kwenye sabuni. Maji yakatulia. Midomo ikafunguka. Orpa akagonga paa la gari.

"Mihigo! Tafuta mashimo!"

"Mama, mashimo yamezibwa!"

"Basi pita pembeni, fasi ya mawe!"

"Gari ni ya mkwe wangu!"

"Mkwe utapata mwingine! Samaki miye sipati!"

Mihigo akashuka pembeni. Tukaenda tukirukaruka kando ya lami nzuri, na waliotupita walitutazama kama walevi. Askari wa barabarani akatusimamisha.

"Wewe! Barabara iko pale. Kwa nini unapita kwa mawe?"

"Uliza samaki, afande," Mihigo akasema.

Askari akafunua mafunjo. Akaitazama ile midomo, na ile midomo ikamtazama. Akafunika taratibu, akatupungia mkono twende.

Nyamitanga, Habibah alimtoa mmoja akiwa bado anapiga mkia. Akamkaanga kwa chumvi tu. Akala. Akala tena. Orpa akanishika mkono, jambo ambalo hakulifanya mbele ya watu hata siku ya harusi yetu.

"Tamu sana," Habibah akasema. "Lakini hii si ya Nakivale. Usinidanganye, mama. Ulitoa wapi?"

Nilidhani Orpa atafurahi. Akauachia mkono wangu, akakaza kitenge kiunoni. Habibah alichukua pipa zima siku ile, na nyanya hatukuuza kamwe. Ila kwanza alisimama palepale, kipande cha samaki mkononi, akamsikiliza mke wangu:

"Ni ya Nakivale, kwetu. Ziwa ni bovu, iko na matope mingi, kiboko anaoga mule bila haya, lakini samaki yake ni huyu. Kama hauamini, rudisha, nitamumaliza miye na mifupa yake."