Rangi ya Kucha kwenye Soketi ya Turbo

Gari ya baba ina turbo, ila mwezi ule ilikuwa inapanda mlima wa kuja kwetu Olmotonyi kama imebeba mawe. Kule Tengeru anakopeleka miche ya parachichi, tambarare, inakimbia vizuri. Ikianza mlima tu, turbo haisukumi na taa ya injini inawaka. Mimi nilikuwa na haraka zangu. Nimemaliza form four, baba ameahidi kunifundisha kuendesha, lakini siyo na gari bovu.

Fundi alikuwa kijana mpole, mpole kupita kiasi kwa maoni yangu. Alimweleza baba kwamba shida iko kwenye kidude cha umeme kinachoipangia turbo isukume upepo kiasi gani. Akakichomoa, akakigusisha kwenye betri, kikalia tik tik. Akapuliza mipira yake ya upepo, hakuna uliotoboka. Akakwangua kutu kwenye soketi ya waya, akarudishia, gari ikapanda bila shida. Baada ya siku chache, imelala tena. Akaja, akafuatilia waya mmoja mmoja. Ikapona. Ikarudia.

Nikajua tu huyu anatuchezea. Mtaani kila mtu ana hadithi ya gari iliyoingia gereji na spea nzima ikatoka na mbovu. Na mbona kila akija anamaliza birika zima la chai, na dada yangu anaacha kufua ili ammulikie tochi mchana kweupe? Nikamwambia baba. Baba ni mzee wa kanisa, hapendi kelele. Alisema tu kwamba ikirudia tena, kijana asikanyage kwake, na usharika mzima utajua kwa nini. Kwa gereji changa kama yake, hiyo ni kufunga kazi.

Alipokuja mara ya tatu akatengeneza na kuondoka, nikachukua rangi ya kucha nyekundu ya dada, nikafungua boneti, nikachora mstari kutoka kwenye kile kidude mpaka kwenye soketi yake. Mtu akigusa, mstari utakatika.

Asubuhi baba alifika kona ya kwanza, akageuza. Akampigia fundi simu. Mimi nikawahi boneti. Mstari umekatika katikati, soketi imechomolewa ikaegeshwa tu ionekane imeshika. Na geti lilikuwa na kufuli usiku wote. Mama yuko kwa bibi, kwa hiyo tuliokuwepo ni baba, dada na mimi. Halafu nikaiona khanga ya dada kwenye kamba, ina alama za vidole vya grisi.

Fundi alifika na pikipiki, akapokea funguo za gari kwa baba. Akainama, akaona ile rangi nyekundu. Macho yake yakaenda kwenye kucha nyekundu za dada, aliyekuwa anakuja na birika.

"Haya, kijana," baba akasema. "Leo ni nini?"

"Ni mimi, mzee. Jana sikuibana vizuri."

"Basi nipe funguo. Usirudi hapa."

Akatoa funguo, akageukia pikipiki yake. Dada akaliweka birika kwenye ngazi.

"Baba, ya kwanza ilikuwa mbovu kweli. Zilizofuata nimechomoa mimi."

Baba hakuuliza kwa nini. Alivuta kigoda akakaa, akamwangalia fundi kuanzia viatu mpaka kofia, kwa jicho lile lile nililomwangalia nalo mimi mwezi mzima.

"Kwenu ni wapi?"

"Marangu, mzee."

"Marangu ni kubwa. Baba yako anasali wapi?"

Dada akaanza kumimina chai, nusu ikaingia kwenye sahani. Nikauliza kama kuendesha ni leo au vipi. Baba alikuwa bado na Marangu yake, nikainama nikaisukuma ile soketi mwenyewe mpaka ikalia tak.