Mji wa Chini ya Maporomoko

Mume wangu alikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi ya serikali. Kutwa alichora barabara, mifereji ya maji machafu na nyumba za Wazungu zenye baraza pana, kazi ya mistari na rula. Akirudi nyumbani kwetu, mtaa wa Tshopo, alishika penseli ile ile akachora watu. Mkono wake ulikuwa kama umechoka kukaa siku nzima bila kuona uso wa mtu. Alichora mpishi anayeonja mchuzi wa bwana wake mpaka sufuria inabaki tupu. Alichora polisi anayekimbizwa na bata. Nilicheka, majirani wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichompa wazo la gazeti.

Hiyo ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru, wakati mji wetu ulikuwa unaandikwa kila mahali kwa jina la Mzungu na sisi wenyewe tukiuita Kisangani. Magazeti ya watu weusi yalikuwepo, lakini kila moja lilikuwa na padri nyuma yake au bwana wa serikali. Letu lilikuwa na mume wangu, mimi, na binamu yangu aliyeacha kazi ya treni ng'ambo ya kushoto ya mto. Tulinunua mashine kuukuu ya kuchapa kutoka kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa anafunga duka. Ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono. Mume wangu alikwaruza picha kwa kalamu ya chuma juu ya karatasi yenye nta, mimi nikaandika maneno yanayotoka vinywani mwa watu, kwa sababu masista walinifundisha mwandiko mzuri na yeye alikuwa anakosea herufi kwa Kiswahili na kwa Lingala vilevile. Binamu alizungusha. Wino ulituingia kwenye kucha na haukutoka.

Mwanzoni watu walinunua kwa huruma. Tuliuza bandarini, nje ya kanisa, nje ya msikiti siku ya Ijumaa. Walicheka, walimpa jirani asome, wakasahau.

Kisha mume wangu akabuni mji wa chini ya maporomoko.

Sijui ulimjia vipi. Sauti ya maporomoko ya Tshopo tuliisikia tukila, tukisali, tukigombana, na labda mtu akiisikia sana anaanza kuipa watu. Katika hadithi yake, wote waliochukuliwa na maji walikuwa wanaishi huko chini. Walikuwa na soko, na baa, na baiskeli, na kanisa ambalo kengele yake ilitoa mapovu. Walibishana bei. Walidanganyana. Ilikuwa hadithi ya kuchekesha, naomba ieleweke hivyo. Katika toleo la kwanza la mji huo alichora kijana muuza kwanga, ile mikate ya muhogo, mwenye nyusi moja iliyokatwa katikati na sikio lililokunjika juu, anacheka huku meno yote yako nje.

Wiki chache baadaye mama mmoja alifika mlangoni kwetu. Alikuwa ametoka Yanonge kwa mtumbwi, na kapu la samaki wa moshi kichwani. Alivua viatu ingawa sakafu yetu ilikuwa ya udongo.

"Iko hapa banachora batu?" aliuliza.

Nikamkaribisha. Mume wangu akatoka chumbani na kalamu mkononi. Yule mama akafungua kitambaa kilichofungwa kiunoni, akatoa ukurasa wetu uliokunjwa mpaka umekuwa laini kama nguo, akaweka kidole juu ya muuza kwanga.

"Ulimuona wapi, huyu mutoto wangu?"

"Mama," mume wangu akasema, "hii ni picha tu. Nimeitoa kichwani."

"Minajua iko picha. Minauliza ulimuona wapi."

Alitueleza taratibu, bila kulia. Mwanawe alipeleka samaki Isangi. Mtumbwi ulipatikana umeelea, na kasia ndani yake, na yeye hakuwemo. Nyusi aliikata akiwa mdogo, kwa ukingo wa ndoo. Sikio alizaliwa nalo.

Mume wangu alinitazama. Nilimwona anatafuta neno la kumrudisha yule mama nyumbani.

"Anakula?" mama akauliza.

"Anakula, mama."

"Anakula nini?"

"Lituma ya ndizi. Na samaki."

"Bon. Lakini samaki ya mafuta, hapana. Inamuumizaka tumbo." Akaacha kapu lake mezani na akaondoka.

Katika toleo lililofuata, muuza kwanga alikataa samaki wa mafuta. Mume wangu alifanya hivyo kwa heshima tu. Yule mama alirudi akiwa na mama wengine wawili.

Hapo gazeti letu likaanza kupanda. Wajane walikuja, na baba wenye kofia mikononi, na bibi mmoja wa Kiislamu aliyetoka Maniema miaka mingi nyuma akiwa na ndugu yake, na ndugu huyo mto ukamchukua karibu na mitego ya wavuvi Wagenya. Walikaa kwenye viti vyetu, na viti vilipokwisha wakakaa chini. Walieleza. Alikuwa na kovu hapa. Alitembea hivi. Alipenda kofia ya rangi hii, na mume wangu, ambaye gazeti lake halikuwa na rangi nyingine zaidi ya nyeusi, aliandika na rangi ya kofia. Kila mwezi mji wa chini ukapata wakazi wapya. Wachuuzi walibeba gazeti mpaka Isangi na Basoko, na watu wa treni wakalipeleka juu, njia yote ya reli. Binamu alizungusha mashine mpaka bega likavimba. Mume wangu akaacha kazi ya ofisini. Marafiki zake walimwita "Papa Directeur" na walimnunulia bia.

Lakini nyumba yetu ilibadilika. Hata wageni walipoondoka ilibaki na ule utulivu wa watu waliokaa. Nilikuwa nikipita sebuleni, nazungukia mahali ambapo hapakuwa na mtu. Sokoni niliona nyuso ambazo nilikuwa nimeziandikia maneno, na ilinibidi nisimame nikumbuke: huyu ni ndugu wa yule, damu ni moja, ndiyo maana. Mchana mmoja wa mvua nilimkuta mume wangu ameweka kalamu chini, mikono iko magotini.

"Sasa wanakuja kabla hawajaelezwa," alisema. "Ninachora mtu wa pembeni, wa kujaza soko tu. Kesho mama yake anabisha hodi."

Nikamwambia kila uso duniani una mama. Akachukua kalamu tena.

Tulikuwa na binti aliyekufa kwa homa kabla ya gazeti, hajaanza kutembea. Sikuwa nimewahi kumwomba mume wangu kitu kuhusu yeye. Siku hiyo, mvua ikipiga bati, nilimwomba. Nilisema hakufa kwa maji, najua, lakini mji ule una nafasi. Muweke sokoni, mgongoni kwa mtu.

"Yeye hapana," akasema.

"Unachora watoto wa watu wote."

"Nikimchora, tutamngoja kila mwezi. Wewe na mimi. Tutakuwa kama hao." Akaonyesha viti kwa kidevu.

Nilimchukia kwa siku nyingi kwa neno hilo. Niliendelea kuandika maneno ya wafu wa watu wengine, kwa mwandiko mzuri, na wangu hakuwa na hata herufi moja.

Anguko letu lililetwa na mtu aliye hai.

Alikuja akitoka moja kwa moja bandarini, begi begani, mtu mrefu mwenye jino la mbele lililovunjika. Nilipofungua mlango nilijua uso wake. Mke wake alikuwa ameketi kwenye kiti chetu miezi iliyopita. Alisema mume wake alikuwa baharia wa masua, zile meli za mtoni, na ameanguka majini mbali huko mto unakoteremkia, na habari ilikuwa imeletwa na watu wanaostahili kuaminiwa. Tulimchora akiwa fundi wa baiskeli katika mji wa chini. Baada ya kumwona humo, mke alimaliza matanga, akavua nguo nyeusi, akaenda kwa mwanaume mwingine.

"Njo mimi huyu?" akauliza, kidole juu ya picha ya fundi gazetini.

Mume wangu akasema ndiyo.

"Mimi nilikuwa mugonjwa, hospitali ya huko mbali. Mwaka muzima. Nimerudi." Aligonga ukurasa kwa kidole. "Mama yangu alinishika miguu kuona kama iko ya mutu. Muuza karanga alikataa kugusa mukono yangu. Papa, nitoe humu."

"Nikutoe vipi?"

"Weye njo uliniingiza."

Basi mume wangu akamtoa. Kurasa mbili nzima: fundi anaweka spana chini, anaaga wateja, anapanda mwamba kwa mwamba ndani ya povu la maporomoko, anatoka juani na maji yanamtiririka. Niliandika maneno aliyoyataka mwenyewe: "Mimi ni mzima." Tulipochapa tulimpa nakala nyingi. Alikuwa anasimama bandarini akimwonyesha ukurasa ule kila mtu aliyemkwepa. Wengine walimwamini. Mke wake hakurudi, na mwezi uleule yule baharia akapanda tena masua.

Sisi tulidhani tumefanya jambo jema.

Asubuhi baada ya toleo kutoka, ua wetu ulijaa. Walikaa hata barabarani. Mbele kabisa alikuwa mama wa Yanonge, na safari hii hakuwa na samaki. Alikuwa na suruali na shati, vimefuliwa, vimepigwa pasi.

"Nilileta nguo," aliniambia kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na mkwe. "Akitoka hawezi kupita mujini na nguo ya maji."

Mume wangu alitoka kizingitini. Nilikuwa nyuma yake na niliona shati lake limeloa mgongoni.

"Mama zangu, papa zangu," alisema. "Yule mtu alikuwa hai. Ndiyo maana alitoka. Mimi sijui kutoa mtu. Najua kuchora tu."

"Ulisema vilevile kuhusu mutoto wangu," mama wa Yanonge akajibu. "Ulisema umemutoa kichwani. Na alikuwa yeye."

Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyerusha jiwe, na nilitamani warushe. Walibaki wamekaa siku ile na iliyofuata, wakigawana maji, wakitazama mlango.

Mume wangu alijifungia akachora toleo la mwisho. Alifikiri amepata njia ya kuwaaga. Alichora mji wa chini wote, soko, baa, kanisa, baiskeli zimeegemezwa, na hakuweka mtu hata mmoja. Hapakuwa na neno la kuandika, kwa hiyo mimi sikuandika chochote. Kwake ile ilikuwa na maana kwamba hadithi imekwisha na hakuna mtu huko. Binamu alizungusha, tukagawa bure.

Watu waliusoma mji mtupu kwa namna nyingine. Walisema: wameshatoka.

Kulipokucha waliteremka kwenye maporomoko. Sijapata kuona kitu kama kile, na mpaka leo sipendi kukisimulia kwa sauti. Ukingo mzima umejaa watu wenye sufuria zilizofunikwa, mikeka, nguo safi zilizokunjwa. Baba mmoja alishika viatu viwili kwa kamba zake. Walitazama maji. Mtu akikohoa, wote waligeuka. Mume wangu alikwenda akasimama katikati yao, akapita kwa mmoja mmoja akiwaambia warudi nyumbani. Walimjibu kwa adabu, "Merci, papa," na wakarudisha macho mtoni.

Alasiri askari walikuja wakawatawanya, na jioni lori likabeba mashine yetu. Mkubwa wa serikali alimwita mume wangu akamwambia gazeti limepigwa marufuku kwa kukusanya watu. Mume wangu alisema, "Asante, bwana." Nadhani ni asante ya kweli kuliko zote alizowahi kumpa Mzungu.

Alipata kazi tena ya mistari, upande wa Simi-Simi, kwenye uwanja wa ndege. Ramani zake zilisifiwa. Aliniambia kwamba mchoro wa nyumba ukiwa na mlango wazi haumpi raha, kwa hiyo milango yake yote ilichorwa imefungwa, mpaka mkuu wake akamuuliza sababu.

Mama wa Yanonge ndiye aliyebaki mjini wa mwisho. Alilala kwetu siku kadhaa, akinisaidia kutwanga pondu, yale majani ya muhogo, bila kumtaja mwanawe. Kisha akasema anaondoka. Nilimsindikiza mpaka mahali pa mitumbwi, nikimbebea furushi. Kulikuwa na ukungu mwepesi, na mwenye mtumbwi alikuwa anatoa maji ndani kwa kopo. Nilitaka kumwomba radhi kwa niaba ya mume wangu, na kwa niaba ya mwandiko wangu, lakini yeye akatangulia.

"Katika picha alikuwa anacheka sana," alisema. "Weye uliona?"

"Niliona, mama."

"Kwangu hakucheka hivyo. Tangu baba yake alikufa, hapana." Alitazama mto, kama mtu anayepiga hesabu ya kitu ambacho hakitoshi. "Nilikuwa nataka kumuuliza huko alikuta nini."

Akachukua furushi lake mkononi mwangu, akapanda, akakaa akiangalia mbele. Mwenye mtumbwi akasukuma.