Mishale ya Mjomba Ilivyofungwa kwa Tepu

Ujanani nilikata miwa kule Turiani, na mama mwenye nyumba tuliyopanga alikuwa na jogoo mwenye roho mbaya. Sijawahi kuchukiwa na kiumbe namna ile. Nikitoka kuoga nimejifunga taulo, huyo, ananidonoa mguu, na wenzangu wanapiga makofi. Nyoka walikuwemo kwenye miwa, lakini mimi niliogopa jogoo. Siku alipochinjwa niliila shingo yake kwa hasira, nikachukua manyoya ya mabawa, mekundu yanayometa, nikampelekea mjomba wangu milimani nikidhani nimepeleka zawadi.

Mjomba huyo, kaka yake mama, ndiye aliyenilea. Shule niliiacha darasa la tatu nikachunga mbuzi wake na kumwagilia kabichi zake. Akayageuza yale manyoya, akacheka mpaka akakohoa.

"Huyu ndege aliwahi kuvuka mto?"

"Hapana, mjomba."

"Sasa mshale atauvushaje?"

Akampa paka achezee. Ndipo akanifundisha. Mshale unataka manyoya ya mwewe, yote ya bawa la upande mmoja, maana ukichanganya kulia na kushoto unayumba kama mlevi. Unayafunga kwa ukano, ule uzi mweupe unaochunwa kwenye mgongo wa ng'ombe. Na ukano hauloweshwi majini, unautafuna mpaka unalainika, ndipo unauzungusha, ukikauka unabana kama chuma.

Ndiyo maana kwetu mwanamume akifa mishale yake inanyonyolewa, manyoya anazikwa nayo. Siku ya kuanua tanga, yule anayerithi jina lake anaivika manyoya mapya mbele ya watu, kwa ukano aliotafuna mwenyewe. Mate yake yanaingia, mishale inamjua. Hapo ndipo anaitwa jina la marehemu. Kabla ya hapo ni mtu tu aliyekuja kula pilau.

Mjomba alipofariki ukoo ukasema nirithi mimi. Nisiwe mwongo, nililitaka jina lile. Nililitaka tangu nachunga mbuzi.

Siku yenyewe nilitoka Mikese ninakoishi, manyoya ya mwewe nimeyakunja kwenye gazeti, ukano nimeupata kwa muuza nyama wa pale barabarani. Niliposhuka kwenye gari chini ya mlima nikautia mdomoni, nikapanda natafuna. Watoto wa watu wananiamkia shikamoo, naitikia kwa kichwa. Bila shaka walisema yule mzee anaringa.

Nafika, misa imekwisha, saa ya kurithi jina bado haijafika. Podo la mjomba liko mezani, karibu na keki. Keki, kwenye tanga! Na mishale iliyomo tayari ina manyoya. Nikachomoa mmoja. Manyoya meupe ya kuku wa kisasa, wale wale waliochinjwa kwa ajili ya pilau, ndege asiyeweza hata kurukia kiti, yamebanwa kwa tepu nyeusi ya nyaya za umeme.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ni fundi umeme Kihonda. Tepu yenyewe bado ameivaa mkononi kama bangili.

"Kaka, nimekurahisishia. Mpiga video anawahi harusi mjini."

Nikautoa ukano mdomoni. "Nani kakutuma unirahisishie?"

"Sasa kaka, unakwenda kumpiga nani? Ni ya kushika tu, tupigwe picha."

"Na wewe ndoa yako ulifunga kwa tepu?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikafungua gazeti langu. "Haya, bandua. Ukano umeshalainika. Nipeni kigoda nikae nifunge."

"Mzee, mwanga unaondoka," akasema mpiga video, mtu ambaye hata marehemu hakumjua.

Mama mdogo akanishika mkono. "Mwanangu, usitutie aibu mbele ya wageni. Shika hivyo hivyo, mengine tutayafanya nyumbani."

"Nyumbani wapi, mama? Hapa ni wapi?"

Watu waliopata nafasi ya kwenda mpaka mjini kutafuta keki ya ghorofa, wakaipandisha mlima mzima kwa kichwa isipondeke, wamekosa nafasi ya kumngoja mzee afunge manyoya! Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Ningekuwa nimechelewa ningesema sawa. Sikuchelewa. Nilikuja na mate yangu.

Mdogo wangu akanipokonya ule mshale, akaurudisha kwenye mkono wangu uliotazama kamera. Mshereheshaji akashika kipaza sauti, akaliita jina la mjomba. Vigelegele. Wote wakanigeukia niitike.

Nikauweka mshale mezani. Ukano nikaurudisha mdomoni, hivyo hata ningetaka kuitika nisingeweza. Nikapita kwenye keki, nikapita bustani ya kabichi, nikashika njia ya kushuka. Nyuma wananiita kwa jina lile lile, mara mama mdogo, mara spika, linavuma bonde zima.

Sikugeuka, na mlima ule sijaupanda tena.