Shemeji aliitisha kikao niache dripu za platinamu, nikamkatalia

Wakuu, poleni na shughuli. Mimi ni bibi wa Kibosho, shule niliishia darasa la nne. Ninachoandika kilinipata mwilini mwangu. Asiyeamini abishe tu, nimezoea.

Ni miaka ile ya soko huria, bei ya kahawa imeanguka, watu wanang'oa mibuni wanapanda nyanya.

Mimi nikakutwa na kansa ya mfuko wa mayai. Nikapasuliwa mjini Moshi, kisha nikaandikiwa dripu za cisplatin. Dawa ya platinamu, madini kabisa.

Nikamuuliza Daktari Temba inauaje kansa. Hakunidharau.

"Mama, kila seli ina DNA. Ni kama kamba ya nyuzi mbili zilizosokotwa, ndiyo yenye maelekezo yote. Seli ya kansa inajizidisha tu, na kila mara lazima ifungue kamba iinakili. Platinamu inang'ang'ania kwenye kamba, inaikunja. Seli inakwama. Ikishindwa kujitengeneza, inajiua."

"Na seli zangu nzima?"

"Nazo zinaumia, ila nyingi zinapona. Figo tutazilinda kwa maji mengi."

Dripu ya kwanza nilitapika mpaka nyongo. Hata mtori ukawa na ladha ya msumari.

Ndipo shemeji Deogratias, kaka mkubwa wa mume wangu, akaitisha kikao cha ukoo.

"Shemeji, umewekewa chuma kwenye damu. Acha hiyo kitu. Bora ufe umetulia, tukuzike vizuri kihambani, shamba la ukoo."

Mume wangu Aloyce anatazama sakafu tu. (Marehemu alikuwa mwema, lakini mbele ya kaka yake alikuwa bubu.)

Nikasema, "Shemeji, mrututu unaopulizia mibuni si shaba?"

"Ule ni wa miti."

"Ukizidi hauunguzi majani?"

"Unaunguza."

"Na mwaka unaofuata unaacha kupulizia?"

Mkewe, Mama Restituta, akacheka: "Mjibu sasa, baba."

"Huyu mwanamke hata akifa atabisha."

"Basi sifi, nibishe vizuri."

Nikarudi kwenye dripu. Nikazimaliza zote. Masikio yalibaki na mlio na vidole na ganzi mpaka leo, na Daktari Temba alikuwa ameniambia mapema.

Sisemi inaponya kila mtu. Anastazia wa Kahe, kitanda cha jirani, alipewa dawa hiyo hiyo akafa. Daktari alisema zipo seli za kansa zinazojua kuitengeneza kamba. Namkumbuka, alipenda sana kunitania.

Nilichojifunza: muulize daktari dawa yako inafanyaje kazi, mpaka uelewe. Mimi nilipojua kwamba kule ndani kansa nayo inateseka, nilitapika kwa hasira, siyo kwa woga.

Uliye kwenye dripu sasa na ukoo unakwambia uache, andika hapa chini tuongee.

Na nyie mnaowaambia waache, andikeni pia. Nipo, nina bando, na sina haraka ya kwenda popote.