Mashine Iliponyamaza Laini Saba

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Kwa mwoga huenda kicheko. Mdogo wangu alikuwa mlinzi wa usiku, kwa hiyo mchana alilala chumbani kwake mtaa wa Laini Saba, mlango kaufunga kwa ndani, na karibu na kichwa chake mashine ya kuchimba sarafu za mtandaoni ikivuma. Umeme aliunganishiwa na fundi wa mtaani, kwa waya wa kinyemela. Ploti ya jirani, safu nzima ya vyumba, ilishateketea kwa waya kama ule.

Nilimsumbua sana kwa simu, mpaka akaniwekea kwenye yangu ukurasa wa kundi lao la wachimbaji. Mashine ndogo haiwezi kushinda peke yake, kwa hiyo kundi huipa fumbo rahisi zaidi, na kila ikilifumbua hutuma ushahidi kwamba inafanya kazi. Ushahidi huo wanauita shea. Nilielewa kwa sababu nauza maharagwe Kawangware: ni kama kuchambua huku umeambiwa uite kila ukipata jiwe. Shea zikiingia, najua chumba kipo, naye yupo.

Siku moja adhuhuri ukurasa ulinyamaza. Dakika tano, kumi, ishirini. Nikapiga, hakushika. Niliacha maharagwe yakiungua jikoni, nikarukia boda boda, na njia nzima nilinusa moshi. Nilimwuliza mwenye pikipiki mara tatu kama naye anaunusa, mpaka akaniuliza kama nina malaria.

Niligonga kwa ngumi zote mbili. Akafungua, macho mekundu kwa usingizi.

"Sista, ni nini? Unavunja mlango ya wenyewe."

"Nilidhani umechomeka! Mashine imenyamaza!"

"Ai, iko sawa. Nilipandisha ule ugumu wa fumbo mchana huu, nikarudi kulala. Ilikuwa inatuma kila sekunde, inamaliza bundles za intaneti. Sasa inatuma mara moja moja, lakini kila shea iko na uzito. Pesa ni ile ile."

Kumbe iliambiwa iite kwa mawe makubwa tu, kuchambua haikuacha. Nilicheka hadi machozi, nikaingia na kuegemea ukuta, mkono ukagusa soketi ya mashine. Ilikuwa ya moto. Plastiki ilikuwa nyeusi, imelegea, na harufu ya kuungua ilitoka hapo hapo. Shea zisingeniambia hilo. Zingeendelea kuingia hadi moto uifikie mashine.

Nilizima kila kitu. Alilalamika, nikamwambia alale. Nikakaa kizingitini, simu mkononi, ukurasa kimya kabisa, nikimsikiliza akikoroma.