Yaya Aliyeambiwa Amchafue Mtoto

Saa tatu asubuhi, jua limeshafika barazani na yaya ameshachoka. Ametandika turubai sakafuni, ameweka beseni la unga uliokorogwa na maji na rangi ya bluu, na kumkalisha mtoto mbele yake. Mtoto, mwenye umri wa miaka mitatu, ameinua mikono yote miwili kama mtu anayepekuliwa na askari.

"Dada, mikono," anasema.

Mikono ni mikavu. Hajagusa chochote. Yaya anaipangusa hata hivyo, maana asipoipangusa kilio kitasikika hadi kwa jirani.

Humu ndani mtoto huyu anaitwa Mheshimiwa, na jina limemkaa. Punje ya wali ikimwangukia gotini, lazima mtu aitwe. Hata ndizi hashiki. "Mimi nashika, yeye anauma," anasema yaya. "Nimegeuka ganda la ndizi."

Yaya ni mama wa makamo, mwenye binti wa sekondari anayesomeshwa kwa mshahara wa kazi hii. Alimpokea Mheshimiwa akiwa mchanga. Kabla hajatimiza mwaka, mtoto aliharisha hadi akalazwa, na alipotoka hospitali mama yake alitoa amri moja: asiguse uchafu. Yaya akaitekeleza. Alipangusa vidole, viti, vikombe, hata vitasa vya milango.

Sasa amri imegeuka. Mheshimiwa alipopelekwa chekechea kwa majaribio, aliona gundi na rangi za kupaka kwa vidole, akalia mpaka akarudishwa nyumbani kabla ya mapumziko. Mwalimu mkuu alisema kwa upole kwamba mtoto azoezwe kushikashika vitu nyumbani, kisha aletwe tena Jumatatu hii. Mama yake, karani wa benki, alisema, si kwa upole sana, kwamba akirudishwa tena itabidi atafutwe yaya aliyesomea kazi.

Tangu siku hiyo simu ya yaya inalia kila asubuhi, na ndani yake kuna video iliyotumwa na mama huyo, ya mtoto wa watu akigaagaa kwenye tope huku anacheka.

Juzi ilikuwa zamu ya povu la sabuni. Mheshimiwa alilitazama mpaka likaisha lenyewe. Jana ulikuwa mchele uliotiwa rangi, wa kuchota na kumimina. Alikubali kuugusa kwa kijiko, tena kwa mbali. Mchele huo bado unamkera yaya.

"Kwetu ukimwaga mchele unaokota punje moja moja, na bado unasemwa," anasema. "Leo naupaka rangi, naumwaga makusudi, naufagia. Halafu mtoto ananiangalia kama mimi ndiye mwendawazimu."

Kitu pekee kilichompendeza Mheshimiwa ni beseni la maji na vikombe, kwa sababu lilimpa nafasi ya kunawa asubuhi nzima.

Leo yaya anambembeleza kwa wimbo, anamsihi, anamtishia kwamba paka atakuja kuula unga wote. Wapi. Mwisho anakaa kitako, anashusha pumzi na kusema wazi kwamba amechoka, kwamba wenye mtoto wangeamua jambo moja wakalishika, kwamba yeye si mpira wa kupigwa huku na huku.

Ndipo Mheshimiwa, pengine kwa kuona hakuna anayemjali, ananyoosha kidole kimoja na kukichovya. Hata kucha haijazama, kitambaa kilichokuwa begani mwa yaya kimeshafika, kimeshapangusa, kimesharudi begani.

Mwandishi wa makala haya anamuuliza kwa nini amefanya hivyo.

"Nimefanya nini?"

Anaelezwa. Anakitazama kitambaa, anautazama mkono. "Huu mkono unakwenda wenyewe," anasema, na sasa hasira zake zimempata mtu mwingine, yeye mwenyewe. "Miaka yote nimeufundisha hivyo, utaachaje leo?" Anakivuta kitambaa na kumtupia mwandishi. "Kikalie. Na usinipe hata nikikuomba."

Mwandishi anakikalia.

Kidole kinarudi kwenye beseni. Safari hii kinatoka kikiwa cha bluu, na Mheshimiwa anakiinua juu. "Dada, mikono." Hakuna kitambaa. Anarudia kwa sauti zaidi. Midomo inatetemeka, halafu kilio kinakuja chote. Yaya anakunja ngumi na kuzibana katikati ya magoti. Si jambo jepesi kulitazama, na kuna wakati hata mwandishi anataka kuinuka kitini.

Kwa kukosa njia nyingine, mtoto anakipangusa kidole chake kwenye gauni la yaya.

Unabaki mstari wa bluu juu ya goti. Wote wawili wanautazama. Kilio kinakatika njiani. Mheshimiwa anarudi kwenye beseni, anachovya kiganja kizima na kuja kukibandika kando ya ule mstari. Kingine anambandika shavuni.

"Gauni lenyewe jipya," anasema yaya. Macho yamemjaa machozi, lakini hasogei.

Unga unapokwisha, Mheshimiwa ni bluu hadi masikioni. Yaya anampiga picha na kumtumia mama yake kazini. Simu inalia papo hapo.

"Dada, nani kamchafua mtoto hivyo?"

"Kajichafua mwenyewe, mama," anajibu yaya. Analirudia jibu hilo taratibu, neno moja moja.

Jumatatu anataka kumpeleka chekechea yeye mwenyewe. Darasani haingii, anasema. Atamfikisha mlangoni, atamkabidhi kwa mwalimu na kuondoka bila kugeuka.

"Nikigeuka nikamwona na gundi, nitarudi kumpangusa, na kazi yote itakuwa bure," anasema. "Akilia nitamsikia hadi barabarani. Namwomba Mungu siku hiyo miguu yangu iwe na nguvu kuliko mikono."