Boriti Niliyoikata Nusu

Naikumbuka siku ile hapa kwetu Mlangali, mwanangu. Nilikuwa seremala kijana, kichwa ngumu kama wewe. Usinune, nakwambia ukweli.

Kanisa letu la Kianglikana ni la zamani: kuta nene za mawe na udongo, na juu boriti zinazokatisha kutoka ukuta hadi ukuta. Ya mbele ilikuwa inauziba msalaba wa altareni. Mzee Haule, fundi aliyenifundisha kazi, alinionya, "Hiyo usiiguse mpaka nirudi kutoka Igwachanya." Mimi nikajiona nimeshaiva. Haijabeba kitu, nikasema, si imekaa tu? Nikapanda ngazi na msumeno. Chini, mama yangu alikuwa akipanga maua altareni.

Sasa sikia. Mti uliolazwa hivyo ukiukata, huubana msumeno. Ule haukubana. Mkato ulizidi kupanuka wenyewe, nami, mjinga, nikafurahi kwamba kazi nyepesi! Nilipofika katikati boriti ikalia, kaa! Udongo ukaanza kumwagika ukutani.

Mzee Haule ndiyo kwanza anaingia mlangoni. "Acha! Mama, toka nje!"

Mama hakutoka. Alikuja akaishika ngazi. "Mwanangu yuko juu," akasema.

Ee Mungu wangu! Nililia palepale.

Mzee hakunitukana. Alileta mnyororo wa kuvutia magogo, tukaufunga kwenye boriti pande zote mbili za mkato, tukaukaza kwa nondo, taratibu, mpaka udongo ukakoma kumwagika. Ndipo akasema, "Paa linazisukuma kuta nje. Boriti hii ndiyo inayozishika zisiachane. Ungeniuliza."

Leo nasikia ninyi vijana wa kamati ya kanisa mnataka kuiondoa ili skrini ionekane vizuri. Panda kwanza ukauguse mnyororo ule. Bado upo, umeshika kutu. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Kitu cha wazee usichojua kazi yake, uliza kabla hujakikata, na ukikosa wa kumuuliza, kiache kilivyo. Mama yangu alikufa kwa uzee wake, kitandani kwake, na kila Jumapili namshukuru Mungu kwamba sikumuua mimi.

Haya, nenda. Mungu aubariki mkono wako, mwanangu, na amlinde atakayekushikia ngazi.